Mbwa wako akipotea uwanja wa ndege, atalipwa kama begi?

Oktoba 2019, abiria mmoja na mama yake walikuwa wakisafiri na mbwa wao, Mona, kutoka Buenos Aires kwenda Barcelona. Mona alizidi kiwango cha kabini, ikabidi asafiri chini, kwenye sehemu ya mizigo. Akiwa anapelekwa kwenye ndege alichoropoka, akatimua mbio, na hakupatikana tena. Mwenyewe alidai fidia ya euro 5,000. Shirika la ndege la Iberia lilikiri kumpoteza, ila likasema fidia haiwezi kuvuka kiwango cha mzigo uliopotea.

Tarehe 16 Oktoba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliafiki hoja ya Iberia. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoongoza fidia katika safari za ndege za kimataifa, unataja watu, mizigo na shehena. Mnyama si abiria, basi huhesabiwa mzigo. Kikomo cha fidia ya mizigo kwa sasa ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria, kama dola 2,000 hivi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini Kenya na Tanzania nazo zimejiunga na mkataba huohuo.

Mashirika ya ndege yana hoja nzito. Bila kikomo, kila kesi ingekuwa ya kupima uchungu wa mtu, na nauli za wanyama zingepaa. Mkataba pia unamruhusu abiria kutamka mapema thamani ya anachokabidhi na kulipa ziada. Mwenye Mona hakufanya hivyo.

Hata masharti yanayowaudhi wafugaji, mengi yana sababu. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilieleza kwamba karibu nusu ya mbwa wa asili safi waliokufa kwenye safari za ndege kwa miaka mitano walikuwa wa pua fupi, kama bulldog na pug. Mbwa hujipoza kwa kuhema. Mwenye njia finyu ya hewa, akikaa kwenye kreti juani akisubiri kupakiwa, huzidiwa haraka. Shirika linalomkataa huyo linamwokoa. Na kabini nako si salama moja kwa moja: Machi 2018 mbwa mdogo alikufa kwenye ndege ya shirika la Marekani la United kutoka Houston kwenda New York, baada ya mhudumu kuagiza begi alimokuwa liwekwe kwenye kabati la juu.

Ninapoachana na mashirika ni kwenye fidia. Wakati wa kumpokea mbwa hawamchukulii kama begi hata kidogo. Wanataka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya, kreti ya kumtosha kusimama, kugeuka na kulala, chombo cha maji, na nauli yake mbali. Anageuka begi siku ya kupotea. Mahakama yenyewe ilisisitiza kwamba ustawi wa mnyama lazima uzingatiwe safarini, lakini sharti hilo halikuongeza hata senti kwenye fidia.

Tamko la thamani ndilo lingesawazisha mambo, ila wasafiri wengi hawajawahi kulisikia, wala kaunta haiwaambii. Ukurasa uleule unaouza nauli ya mbwa ungepaswa kuwa na fomu ya tamko hilo na bei yake, abiria aikubali au aikatae kabla ya kulipa. Mpaka hapo, ulizia mwenyewe na udai jibu kwa maandishi, kabla kreti haijaondoka mikononi mwako.