Makato Yasiyoandikwa Kwenye Simu Mpya

Msimu wa korosho ukifunguliwa na fedha za minada zikaanza kuingia kwenye akaunti, maduka ya simu ya Tandahimba, Newala na Masasi huchangamka. Shangazi yangu wa Tandahimba naye alinunua simu janja yake ya kwanza kwa fedha hizo. Boksi liliandikwa GB 32. Miezi minne baadaye alinifuata Mtwara mjini akiwa nayo mkononi: picha za wajukuu haziingii, kila saa inamwambia nafasi imejaa.

"Baba, mimi humu sijaweka kitu," aliniambia.

Alikuwa ameweka, lakini si vingi. Video za kwenye magrupu ya WhatsApp zilikuwa na sehemu yao. Vingine vilikuja na simu: michezo mitatu, duka la pili la programu, kivinjari cha pili, na programu ya habari inayomrushia matangazo usiku na mchana. Michezo miwili ilikubali kuondolewa. Vilivyobaki vilikuwa na kitufe cha kuzima tu, na programu ya habari hata hicho kilififia, hakibonyezeki.

Sisi wa kusini makato tunayajua. Bei ya kilo ikishatangazwa mnadani, kuna ushuru wa halmashauri, kuna chama kikuu cha ushirika, kuna AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), kuna ghala na usafirishaji, ndipo mkulima apate chake. Tunalalamika kila mwaka. Lakini kila kato lina jina na kiasi, na mwanachama anaweza kusimama mkutanoni akauliza. Kwenye simu ya shangazi makato yalikuwepo, ila hakuna aliyemsomea.

Hata hivyo, kusema kila programu isiyofutika ni wizi ni kukosea. Ile ya kupigia, ile ya mipangilio, na kile kipande kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, ukivitoa unabaki na kioo kitupu. Programu hizi hukaa kwenye sehemu ya mfumo iliyofungwa kusudi, na simu nyingi za Android zikiwaka hukagua kwanza kama sehemu hiyo imechezewa. Kufuli hilo linamlinda shangazi dhidi ya virusi na dhidi ya mjukuu mwenye vidole vyepesi. Redio ya FM nayo huja hivyo hivyo kutoka kiwandani, na kijiji ambacho bando ni la kuhesabu kinaithamini kuliko michezo yote.

Kuna hoja ya bei pia, nayo ina uzito. Mtengenezaji wa simu nafuu anabaki na faida ndogo kwa kila simu, hivyo hulipwa na wenye programu ili wawekwe humo mapema. Bila malipo hayo huenda simu ingepanda bei. Na si kila mgeni wa namna hiyo ni mbaya: Boomplay ilianza mwaka 2015 kwa kuwekwa ndani ya simu za Tecno, ikakua hadi kuwa mojawapo ya majukwaa makubwa ya muziki Afrika, na wasanii wetu wa Bongo Fleva wanasikilizwa humo.

Simu za mkopo nazitenga kabisa. Zina programu inayofunga simu ukichelewesha rejesho, na huwezi kuitoa mpaka umalize deni. Ni kali, lakini mnunuzi anaelezwa kabla ya kuchukua, na ndiyo dhamana yake mtu asiye na hati ya nyumba. Ninachodai ni kwamba deni likiisha, nayo iondoke.

Sasa nafasi yenyewe. Nilidhani tukipata njia ya kufuta, shangazi angerudishiwa GB zake. Fundi wa simu pale sokoni ndiye aliyenifungua macho. Sehemu ya mfumo imekatwa mbali na sehemu ya mtumiaji, kama ghala lenye vyumba viwili. Ukitoa gunia chumba cha mfumo, chumba chako hakiongezeki hata inchi. Ile michezo miwili ilifutika kwa sababu ilikuwa chumba cha mtumiaji. Kinachokula nafasi ya shangazi ni masasisho: programu ya kiwandani ikijisasisha, toleo jipya hukaa upande wake, pamoja na data inayojikusanya. Ndiyo maana kuondoa masasisho kisha kuizima kunarudisha nafasi, na kunaizuia isijiendeshe, isile bando wala chaji.

Kwa hiyo wanaotetea watengenezaji wana haki wanaposema kufuta hakutakupa GB zako zote. Wanakosea wanapoishia hapo. Kwangu uzito mkubwa uko kwenye kinachofanywa na programu hizo zikiwa macho. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania na Marekani walichapisha uchunguzi wa programu zaidi ya 82,000 zilizotoka kiwandani, kwenye simu za Android za chapa zaidi ya 200. Walikuta mtandao mpana wa wakusanyaji wa taarifa ambao mnunuzi hana habari nao, na programu zenye ruhusa ambazo programu ya kawaida ya dukani haipewi. Mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika zilikuwa na programu hasidi ndani, zikimwandikisha mtumiaji huduma za kulipia bila yeye kujua, vocha ikiyeyuka. Kampuni ililaumu msambazaji aliyekuwa kwenye mnyororo wa uzalishaji. Kilichokaa chumba cha mfumo hakitoki hata ukirudisha simu ilivyokuwa kiwandani.

Wenzetu wameanza kuchukua hatua. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, sababu mojawapo ikiwa kuwalazimisha watengenezaji kuweka injini yake ya utafutaji na Chrome ili wapewe Play Store. Mahakama iliipunguza baadaye hadi bilioni 4.125. Sasa sheria ya masoko ya kidijitali ya Ulaya inayabana makampuni makubwa yamruhusu mtumiaji kuondoa programu kwa urahisi, isipokuwa zile ambazo mfumo hauendi bila hizo. India ilikwenda upande wa pili: mwishoni mwa 2025 serikali iliagiza simu zote mpya ziwe na programu yake ya usalama, watu wakapinga, na agizo likafutwa ndani ya siku chache. Hata nia njema ya serikali haikutosha kuwanyima watu kitufe cha kuiondoa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Ruhusa iliyogongwa muhuri kiwandani, maelfu ya kilomita kutoka Tandahimba, siioni kuwa ridhaa ya shangazi. Ningependa Tume iliangalie hilo, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, idai mambo mawili: boksi liandike nafasi iliyobaki kwa mnunuzi badala ya namba ya jumla pekee, na kila programu ambayo simu inaweza kuishi bila hiyo iwe na kitufe cha kuzima kinachobonyezeka. Hoja ya bei haivunjwi na hilo. Mtengenezaji na aendelee kulipwa kwa kuziweka, mnunuzi naye aamue kama zinabaki.

Ile programu ya habari fundi aliiondoa kwa kuunganisha simu na kompyuta, bila kuirooti, yaani bila kuvunja kufuli la mfumo, maana simu iliyorootiwa mara nyingi hukataliwa na programu za benki. Alitoza elfu tano. Shangazi alilipa, akauliza kama siku simu ikirudishwa kiwandani itarudi tena. Fundi akamjibu kwamba itarudi.