Vinasaba vyetu, hesabu za watu wengine

Bibi yangu wa Wete, Pemba, hatupi kucha ovyo. Akishakata huzikusanya kitambaani akazifukia nyuma ya nyumba, na nywele za kitana hali kadhalika. Nilipomweleza kuwa pengine siku moja maabara itataka kupitisha kijiti cha pamba ndani ya mashavu ya Wapemba mia mbili hivi, kujua vinasaba (DNA) vya hapa vikoje, aliniangalia kwanza. "Na mate yangu watayapeleka wapi?"

Swali la haki. Lakini wengi wanaolirudia wanaifikiria hifadhi ya polisi, ile yenye majina ya waliokamatwa. Hiyo siitetei hapa. Nasemea takwimu za jamii, zisizo na jina wala anwani, zinazosema tu alama fulani inaonekana mara ngapi kwa watu wa mahali fulani.

Doa la damu likilingana na mshitakiwa, hakimu atataka kujua: haliwezi kuwa la mwengine? Jibu ni namba, na namba hutoka kwenye takwimu hizo. Chukulia alama mbili za sehemu moja ya kinasaba, moja ya baba na moja ya mama, kila moja ikiwa asilimia 5 katika takwimu za watu wengine. Mwenye kuzibeba zote mbili ni mmoja katika watu 200. Ikiwa kwetu kila moja ni asilimia 20, ni mmoja katika 12 hivi. Hapo ni sehemu moja tu. Marekani tangu 2017 hutazama sehemu 20, na kosa la kila sehemu huzidishwa na la mwenziwe.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kromosomu Y, kipande cha vinasaba walicho nacho wanaume tu, inayotegemewa khasa kwenye kesi za ubakaji, ambako seli za mwanamke huzifunika za mwanamme. Baba humrithisha mwanawe wa kiume karibu vile vile ilivyo, naye humrithisha wake. Kaka, ami, watoto wa ami: muhuri mmoja. Mtaalamu huutafuta muhuri huo kwenye YHRD, hifadhi ya kimataifa ya mihuri ya Y iliyofunguliwa Berlin mwaka 2000, asiuone, akaandika kuwa haujapata kuonekana kati ya maelfu. Ikiwa Micheweni hakuna aliyepimwa, ungeonekana vipi? Huku kijijini nusu ya wanaume ni wajukuu wa babu mmoja, wanavua dau moja na kuoana mabinti ami. "Haujaonekana" hiyo ndiyo itakayomtia mtu ndani, na huenda aliyefanya ni binamu yake aliyekaa nyuma kwenye benchi la wasikilizaji. Wanaozipinga takwimu hizi husema wanamlinda mnyonge. Mnyonge ni huyu aliyeko kizimbani, na wakili wake hana namba ya kujibia.

Halafu iko bahari. MV Spice Islander ilizama 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, MV Skagit Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe. Maiti akishakaa majini siku kadhaa, sura haimtambulishi tena. Kuulinganisha mfupa na mate ya mama kunahitaji takwimu zile zile.

Hata hivyo bibi hajakosea. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani: upande wa kike Afrika kwa wingi, upande wa kiume Uajemi kwa wingi. Ubishi wa nani Mshirazi wa kweli, mwenye asili ya Uajemi, ukapata kuni mpya, na visiwa vilivyopitia mapinduzi ya 1964 havihitaji maabara iwatangazie watu asili zao. Mtafiti Yves Moreau wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, naye amelalamika miaka mingi kuhusu vinasaba vya Wauyghuri, jamii ya Waislamu wa China, vilivyoingia kwenye majarida na hifadhi bila ya uhakika kwamba wenyewe waliridhia.

Na hapa nakiri hoja yangu inanirudia mwenyewe. Kijiji cha babu mmoja, ukiufuta jina muhuri wa Y, bado umeutaja ukoo. Tena kuna mtoto asiyefanana na baba yake, siri ambayo nyumba imeihifadhi miaka arubaini. (Neno lenyewe vinasaba lina nasaba ndani yake.) Kwa hivyo mimi ningekubali kwa sharti: Y ichapishwe kwa kisiwa kizima, kijiji kisitajwe, anayetoa mate aelezwe kwa Kiswahili kabla hajafungua mdomo, na vijiti vichomwe moto mbele ya masheha.

Bibi aliuliza kama na yeye ataruhusiwa kwenda kuangalia vikichomwa.