Fundi wa Amu Katika Mnada wa Mtandaoni: Ni Kanuni Ipi Inayomuumiza?

Katika usita wa mui, njia kuu inayopenya katikati ya mji wa Amu (Lamu, Pwani ya Kenya), kasha la mbambakofi, kofia iliyoshonwa kwa mkono na mkoba uliokatwa kutoka tanga kuukuu la jahazi huuzwa kwa namna ile ile ya miaka yote: mgeni husimama, hushika, huuliza bei, na mazungumzo huanza. Msimu wa wageni ukiharibika hakuna wa kusimama, na ndiyo sababu mafundi na wachuuzi wengi vijana wameelekeza macho yao kwenye masoko ya mnada ya mtandaoni, ambako mtu aliyeko Chicago anaweza kuweka dau kwa ajili ya kofia bila kupanda ndege. (Kwetu dau ni chombo cha baharini kwanza, lakini neno limekubali kazi ya pili bila ugomvi.) Wanaorudi kutoka huko huleta lalamiko moja, kwamba kanuni za masoko hayo zimeandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Lalamiko hilo lina ukweli, ila nadhani linaelekezwa pasipostahili. Kanuni inayolaumiwa zaidi, ile ya kurejesha fedha, inamfaa fundi kuliko anavyodhani. Kinachomla ni namna ada inavyohesabiwa na umbo lenyewe la mnada, mambo mawili ambayo hayazungumzwi sana.

Tuanze na hiyo inayolaumiwa, tukiichukua eBay kuwa mfano kwa kuwa ndilo soko la aina hii lenye historia ndefu inayojulikana. Lilianzishwa Marekani mwaka 1995, na mwaka uliofuata likaanzisha utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupeana alama na maoni. Mwanzoni kila upande ungeweza kumlaumu mwenzake, na wauzaji wengine walikuwa wakingoja wapewe alama mbaya ili nao walipize kisasi, hivyo wanunuzi wakawa wanaogopa kusema kweli. Mwaka 2008 soko liliwaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Juu ya hapo ipo dhamana: mnunuzi ambaye hakupokea kitu, au aliyepokea kitu kisicholingana na maelezo, anaweza kudai fedha zake ndani ya siku 30 baada ya kupokea mzigo au baada ya tarehe uliyotarajiwa kufika, na bidhaa isiyolingana na maelezo hurudishwa kwa gharama ya muuzaji.

Kwa muuzaji aliyeko ndani ya Marekani, kurudishiwa kifurushi ni usumbufu. Kwa aliyeko Amu, gharama ya kurudisha kofia moja kutoka ng'ambo inaweza kukaribia bei ya kofia yenyewe, hivyo huona afadhali arejeshe fedha na kuiacha bidhaa huko huko. Mnunuzi mwenye hila hulijua hilo. Alama nazo hazipimi wote kwa mizani moja: mwenye maoni 2,000 akipata moja baya hubaki na asilimia 99.95, ilhali mwenye maoni 20 akipata hilo hilo moja hushuka hadi asilimia 95, na machoni pa mnunuzi asiye na muda wa kuuliza, asilimia 95 ni muuzaji wa kutiliwa shaka.

Pamoja na hayo, hebu tujiweke upande wa pili. Mnunuzi wa Chicago hajui mitaa yetu ya Langoni wala Mkomani, hamjui fundi, hana ndugu wa kumtuma akaulize. Dukani kwetu imani huzaliwa kwa kuishika bidhaa na kwa kujua kwamba kesho duka litakuwa pale pale. Mtandaoni vyote viwili havipo, na dhamana ndiyo inayosimama mahali pake. Ikiondolewa, wanunuzi watakimbilia wauzaji wenye majina makubwa, na katika majina hayo la fundi wa Amu halimo. Mtu anayebisha na atazame vikundi vyetu vya kuuziana kwa simu, ambavyo havina dhamana yoyote. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma fedha kwanza na kuletewa kitu ambacho sicho nilichoonyeshwa kwenye picha. Tangu siku hiyo silipi kabla ya kuona, hata kwa muuzaji mwaminifu ambaye hana kosa lolote. Huyo mwaminifu ndiye anayelipia ukosefu wa kanuni.

Ada ni habari nyingine. Katika tovuti ya Marekani ya soko hilo, muuzaji asiye na duka la kulipia hutozwa zaidi kidogo ya asilimia 13 kwa bidhaa nyingi, kiwango ambacho kwa mbali kinavumilika. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo huhesabiwa juu ya jumla yote anayolipa mnunuzi, pamoja na gharama ya posta na hata kodi ya mauzo ya kule aliko. Tuseme kofia imeuzwa kwa dola 40 na kuituma kunagharimu dola 35. Asilimia 13 ya dola 75 ni dola 9.75, yaani karibu robo ya bei ya kofia, na kodi bado hatujaigusa. Jirani wa mnunuzi anayeuza kofia ya bei ile ile na kuituma kwa dola 5 atatozwa dola 5.85. Kanuni ni moja, maneno ni yale yale, lakini mmoja analipa ada ya umbali.

Soko lina jibu lake, na si jibu dogo. Zamani palikuwa na wauzaji waliotangaza bidhaa kwa senti chache na kuficha bei yote kwenye gharama ya posta ili wakwepe ada, na kuhesabu jumla ndiyo dawa iliyopatikana. Dawa hiyo hainiridhishi. Kifurushi chenye namba ya kufuatilia kina risiti ya posta, na risiti hiyo inatosha kuonyesha kilicholipwa kweli na kilichofichwa.

Jambo la pili ni mnada wenyewe. Kitu cha kwanza kinachosimuliwa kuwa kiliuzwa eBay ni kalamu ya leza iliyokwisha kuharibika, ambayo mkusanyaji wa vitu vya aina hiyo aliinunua kwa dola 14.83. Kisa hicho kinafundisha zaidi ya kinavyochekesha: mnada unafaa kwa kitu ambacho hakuna anayeijua bei yake, na panapokuwa na watu wasiopungua wawili wanaokitaka. Kofia ya mkono haimo katika kundi hilo. Mshonaji anaijua bei yake kwa hesabu ya majuma aliyoinamia kitambaa, na kule ng'ambo wanaoweza kutofautisha mshono wa mkono na wa cherehani ni wachache, tena hawako mtandaoni wote kwa wakati mmoja. Akianzia senti 99 kwa matumaini ya kuvutia watu, na akajitokeza mmoja tu, kofia imekwenda kwa senti 99, kwa kuwa dau lililoshinda ni mkataba. Bei ya chini iliyofichwa, ambayo dau lisipoifikia muuzaji halazimiki kuuza, inaruhusiwa, lakini ina ada yake hata bidhaa isipouzwa.

Hapo ndipo kishawishi huingia. Binamu huombwa aweke madau mawili matatu apandishe bei, na hakuna anayeona haya, kwani kumsaidia ndugu si wizi. Ila ni kosa, na si kwa kanuni za kigeni peke yake: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamkataza muuzaji kujipandishia bei mnadani, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu, bila kutangaza kwamba amejiwekea haki hiyo. Katika hili siwezi kuwatetea mafundi wetu. Ninachoweza kuwatetea ni namna makosa yanavyotafutwa. Soko huangalia akaunti zinazotumia kifaa kimoja, mtandao mmoja au benki moja, na likizishuku linaweza kuzifunga zote. Amu, ambako mafundi watatu hutumia simu ya kijana mmoja anayejua Kiingereza, dalili hizo zipo hata pasipo na hila yoyote. Mashine haiwezi kutofautisha baraza na njama.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa Pwani hasa, nao ni neno «la kale». Neno hilo huvuta madau, na wachuuzi hulibandika kwenye kasha lililotoka karakana mwaka huu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na inaitaja kuwa mali inayolindwa milango na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Vitu hivyo havitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo anayetangaza mlango wa kale wa Amu, akiwa anasema kweli, yumo mashakani na sheria ya nchi. Akiwa anasema uongo, amempa mnunuzi sababu halali ya kudai fedha zake. Viti vya zamani vyenye urembo wa pembe vina balaa zaidi, kwa kuwa soko hilo lilipiga marufuku pembe za ndovu tangu 2009.

Kuhusu safari ya mzigo sina mengi. Kifurushi hupanda mashua hadi Mokowe, gatini upande wa bara, kisha hupanda basi, na mvua za mwisho wa 2023 zilipoikata barabara ya Garsen ambayo basi hilo hupita, sikusikia soko la ng'ambo lililoongeza siku za kufikisha mzigo kwa sababu hiyo. Zito zaidi ni ushuru. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vya chini ya euro 22 mnamo Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wake wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mnunuzi anayeshtukizwa na ushuru mlangoni hukataa mzigo, na hasira yake humwangukia muuzaji.

Kwa hali ilivyo, ningemshauri fundi auze kwa bei iliyotajwa, njia ambayo masoko haya yenyewe huiruhusu, na mnada auachie kipande cha pekee kisicho na mfano. Ningeshauri pia washonaji wa kofia, wasusi wa mikeka wa Matondoni na mafundi wa makubadhi wa Siyu wawe na akaunti moja iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, ili maoni 20 yawe 200 na akaunti zisishukiwe. Ugumu ni kwamba akaunti moja ina sifa moja: makubadhi ya mmoja yakikatika, asilimia inayoshuka ni ya wote. Kabla ya kupiga picha ya kwanza, kikundi kiwe kimeandika ni nani anayekagua kazi kabla haijafungwa, fedha zinazorejeshwa zinatoka mfuko gani, na kofia iliyobaki Chicago bila kulipiwa itahesabiwa kwa nani.