Mzee Wa: je, Waldner anastahili mapenzi yote haya?

Wachina wana ada ya kutanguliza "Lao" mbele ya jina la mtu, kama sisi tunavyosema "Mzee", kwa heshima na mazoea. Jan-Ove Waldner, Mswidi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1965, wanamwita Lao Wa. Mgeni aliyewachapa katika mchezo wao wenyewe! Mashabiki wa tenisi ya meza bado wanabishana: sifa hizo ni haki yake, au mapenzi yamewapofusha?

Wanaotilia shaka wanashika hesabu. Waldner ana dhahabu moja tu ya Olimpiki, ya Barcelona 1992, na ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja mara mbili, 1989 na 1997. Ma Long, Mchina wa kizazi cha baadaye, ameuchukua ubingwa huo mara tatu, na ana dhahabu 6 za Olimpiki, mbili zikiwa za mmoja mmoja. Kwa mataji, ubishi umekwisha.

Wengine huongeza kwamba China ilimpenda kwa sababu ilihitaji mpinzani wa kunogesha mchezo. Hapo nakataa. Mwaka 1989 mjini Dortmund, Sweden, Waldner akiwemo, iliifunga China 5–0 katika fainali ya timu ya ubingwa wa dunia, na China ikasubiri hadi 1995 kuurudisha ubingwa huo. Kipigo cha namna hiyo hakinogeshi kitu, kinauma.

Ninachokiona mimi ni muda, na mkono. Waldner alicheza fainali ya Ulaya mwaka 1982, wakati Ma Lin, Mchina aliyekuja kupambana naye baadaye, alikuwa mtoto wa miaka miwili. Tangu hapo aliwakabili Wachina akina Jiang Jialiang, kisha Kong Linghui, kisha hao waliokuja baadaye, kila kizazi kikiwa kimemsoma vizuri kuliko kilichotangulia. Sheria nazo zikageuka: mpira ukaongezwa kutoka milimita 38 hadi 40, seti ikapunguzwa kutoka pointi 21 hadi 11, kisha ikakatazwa kuuficha mpira wakati wa kuanzisha. Hilo la mwisho lilimgusa hasa, maana uanzishaji wake ndio uliokuwa ukiwatia watu kiwewe: mkono uleule, mpira tofauti. Aliendelea.

Kwa hiyo aliyeshinda zaidi ni Ma Long, sibishi. Lakini mataji hayasemi watu wanapenda kumtazama nani. Mwaka 2004 mjini Athens, akiwa na miaka 38, Waldner alimtoa Ma Lin 4–1, kisha Mjerumani Timo Boll, 4–1 vilevile. Nusu fainali akafungwa na Mkorea Ryu Seung-min, na shaba akaichukua Mchina Wang Liqin. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na mechi ile dhidi ya Ma Lin ndiyo inayotazamwa mpaka leo.