Dumu la Shangazi

Shangazi hakuwa na maneno mengi pale stendi ya Igumbilo, Iringa. Alinikabidhi dumu la lita 10, akanitazama kama mtu anayemwachia mlevi funguo za duka.

"Kila gari likisimama, legeza kizibo lipumue. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, sema tena."

Nikasema tena. Ndani ya dumu mlikuwa na ulanzi wa asubuhi ileile, mzigo wa baba mdogo wa Uyole, ambaye tangu ahamie Mbeya analalamika kwamba huko watu hawajui kunywa. Kwa asiyeujua, ulanzi ni maji ya mwanzi. Msimu wa mvua wanakata ncha ya mwanzi mchanga, wanatega mbeta, chombo cha kuukingia, unadondoka usiku kucha. Asubuhi ni mtogwa, mtamu tu. Lakini kinywaji hicho hakijui kutulia. Kinachachuka chenyewe, kinatoa gesi, na jioni ni mkangafu, habari nyingine kabisa. Ukilifunga dumu usilifungue, unatafuta ugomvi.

Konda akauliza nimebeba nini. Nikamjibu mafuta ya alizeti. Iringa nani atashangaa alizeti? Nikakibana kizibo kwa nailoni ili harufu isinisaliti, nikalisukuma dumu chini ya kiti.

Jirani yangu alikuwa mzee wa kanisa aliyevaa kaunda suti ya rangi ya maziwa, imenyooshwa kwa pasi hadi unaogopa kuigusa. Anakwenda Mbeya kupokea posa ya binti wa marehemu kaka yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akafumba macho. Nami nikatoa simu.

Kosa lilianzia hapo. Nilikuwa nimenunua riwaya ya safari za anga kwa mwandishi anayejitegemea. Unamtumia shilingi 3,000, anakutumia faili kwa WhatsApp, halafu usiku anakuuliza umefika ukurasa wa ngapi. Kwamba kitabu hakikupita kwa mhariri, hilo halihitaji tochi: rubani alikufa sura ya 4, sura ya 6 yuko mezani anakunywa chai. Nikamsamehe, maana jamaa anajua kusimulia. Watu wake saba wanakwenda Europa, ule mwezi wa sayari ya Mshtarii ambao juu ni barafu tupu, na chini ya barafu wanasayansi wanaamini kuna bahari. Tena ana heshima na sayansi yake. Kitu kikilipuka nje ya chombo, hakisikiki, kwa sababu huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Filamu kibao za mamilioni ya dola zinapiga vishindo hapo. Huyu wa shilingi 3,000 alinyamaza kimya.

Mafinga gari likasimama, watu wakashuka kuchimba dawa. Mimi sikushuka, kwa kuwa fundi wa chombo ndiyo kwanza amegundua tangi moja la gesi linavimba. Makambako gari likasimama tena. Vali imekwama. Nikanunua mahindi ya kuchoma dirishani bila kuinua macho. Mbele kidogo nikagundua nimenunua mayai.

Kutoka Makambako barabara inateremkia bonde la Usangu. Sweta nililolishukuru Mafinga likaanza kunichoma. Baridi ya juu ilikuwa imeituliza chachu, joto la bondeni likaiamsha.

Tumeipita Igawa, fundi ameshika vali, nikasikia: ksss. Nikajisemea, huyu mwandishi ni hatari, mpaka sauti nazisikia! Ksss tena. Mzee akavuta mguu wake pembeni.

"Kijana, alizeti yako inapumua."

Nikainama. Dumu lilikuwa limevimba hadi limekuwa duara, na hapo sura ya shangazi ikanijia yote, pamoja na kidole chake. Nikakikamata kizibo.

"Polepole!" mzee akapaza sauti. "Robo, halafu usubiri! Si ndivyo fundi alivyoambiwa?"

Kumbe mzee anasoma! Tangu Mafinga, kwa jicho moja, juu ya bega langu. Nilishtuka, na mkono ukazunguka mzima.

Ndani ya basi hewa ipo. Ilisikika mpaka kwa dereva. Kizibo kiligonga dari, povu jeupe likakifuata, na lilipochoka kupanda likatua kwenye kaunda suti.

"Tairi!" akapiga kelele mtu wa mbele, dereva akaegesha pembeni.

Wa nyuma akavuta pumzi ndefu. "Siyo tairi," akasema kwa heshima. "Ni mkangafu."

Konda alifika, akaangalia dari, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi. "Alizeti hii," akauliza, "mnakaangia nini?"

Chimala nilikabidhiwa ndoo na tambara, nikadeki basi zima huku abiria wakinielekeza pembe nilizoruka. Mzee alisimama juani akijikausha. "Naenda kupokea posa," alisema taratibu, "nanuka kilabu." Sikuwa na la kumjibu. Tulipofika Uyole aliniandikia namba yake kwenye karatasi. Nilidhani ni ya kudaiana suti.

"Vali ilifunguka?" akauliza.

Nikamwonyesha simu. Ilikuwa giza, inachuruzika ulanzi.

Baba mdogo alipokea lita mbili zilizosalia na hakuuliza swali. Simu ikafukiwa kwenye mchele wa Kyela. Siku ya tatu ikawaka. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mwandishi: umefika ukurasa wa ngapi? Nikampigia mzee.

"Shikamoo, mzee. Naomba radhi sana. Posa iliendaje?"

"Posa ilipita. Wageni walidhani nimeshaanza kusherehekea, wakachangamka. Enhe, fungua hapo tulipoishia."

Nikafungua, nikaanza kumsomea. Alikuwa ameweka spika. Nyuma yake nilisikia watu wakivuta viti na kunyamazishana.