Fimbo Sikumpora Mzee wa Watu

Najua wengi mmeshaipata habari kwa mwenzangu wa upande wa pili, yule anayejiita shahidi. Eti nimempora mzee fimbo yake ya kutembelea mchana kweupe, nikatoka nduki. Kwanza, sikukimbia, nilitembea haraka. Pili, fimbo ilikuwa ya kazini.

Kwa ambao hamjawahi kushika kibao cha kuongoza magari kwenye ujenzi wa barabara: tukifunga upande mmoja wa barabara, magari yanapita kwa zamu. Mimi huku na SIMAMA yangu, mwenzangu kule na yake, katikati kuna kona, hatuonani. Kawaida tunaongea kwa redio. Redio ikiisha chaji tunarudi kwenye dawa ya kale, fimbo. Dereva wa mwisho kwenye msafara wangu nampa fimbo, akifika kule anaikabidhi. Mwenzangu akiishika anajua njia nyeupe, anaruhusu wa kwake, na wa mwisho wao ananirudishia. Simu tunaziacha kwenye kontena, ni amri. Bila fimbo hapiti mtu. Utaratibu mzuri sana, ila unaamini kwamba kila anayeingia atatokea upande wa pili.

Jana gari la mwisho likawa pikapu ya mzee mmoja mwenye heshima zake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikampa fimbo kwa mikono miwili, ndivyo nilivyolelewa, nikamwambia, "Hii utampa mwenzangu kule mbele." Palepale nyuma yangu mashine ya kushindilia barabara ikaanza kunguruma. Mzee akaipokea, akaitazama juu mpaka chini, akaniombea dua ndefu. Ile dua ilipaswa kunishtua, maana madereva huwa wananiombea mengine kabisa.

Basi tukasubiri. Honi zikaanza, zikanyamaza, injini zikazimwa. Honi haina shida. Ogopa dereva anayeshuka na kufunga mlango taratibu, huyo anakuja kuzungumza na wewe. Na kwenye foleni yangu, nyuma kabisa, kulikuwa na tipa la lami. Lami ya moto inatoka mtamboni ikiwa na nyuzi joto 150 hivi, ikipoa kabla ya kutandazwa na kushindiliwa ni ya kutupa. Foremani alishaanza kuja kwa miguu, kofia ngumu kaishika mkononi.

Nikamwachia kibao kijana wa koni, nikaingia ndani ya kipande kilichofungwa nikipita pembeni. Katikati huko, nyuma ya lundo la kifusi, kuna nyumba. Nje ya nyumba, pikapu.

Hapa naomba msome polepole, mimi mwenyewe ilinipita polepole. Mzee kasimama barazani. Fimbo yetu, ile ya mistari myekundu na myeupe, kaishika mkono wa kulia, uzito wote kaulaza juu yake. Bibi yuko pembeni, ananitazama kama mkwe aliyeleta mahari yote kwa mkupuo.

"Ndiye huyu!" mzee akasema. "Mama, huyu ndiye kijana niliyekwambia. Hanijui, sijamwomba, kaona tu goti langu linavyonisumbua."

Goti! Mtu kakaa ndani ya gari, goti nimeliona wapi?

Bibi akanishika mkono akasema aliyenizaa hakupata hasara. Honi zikaanza upya, huku na kule. Nikafungua mdomo nidai fimbo, nikajisikia nauliza, "Inakufaa, mzee?"

Jamani. Nani alinituma?

Akanionyesha. Akapiga hatua kwenda, akageuka, akarudi, akagonga sakafu na ncha yake. "Imenikaa," akasema. "Ila ni ndefu kidogo. Mjukuu kafuata msumeno."

Na kweli mjukuu akatokea na msumeno. Mzee akailaza fimbo kwenye ukingo wa baraza, bibi akaonyesha kwa kidole pa kukata. Mjukuu akauweka msumeno juu ya mstari mwekundu.

"Mzee," nikasema, "hii fimbo ina magari."

Wote wakaiangalia fimbo. Mjukuu akaigeuza kutazama upande wa pili.

Nikaeleza. Zamu, redio, msafara, lami. Sauti yangu ilipanda mpaka nikaionea haya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua, akaninyooshea bila neno. Kosa lililofuata ni la jasho: mkono uliteleza, nikaivuta tena kwa nguvu kabla hajaiachia, akayumba, akadaka nguzo ya baraza, bibi akapiga yowe. Na mwenzangu, kachoka kusubiri, ndiyo anachomoza kichwa juu ya kifusi. Hicho tu ndicho alichokiona. Kabla ya hapo hakuona lolote, muulizeni.

Yaliyobaki mafupi. Nikaomba radhi nikitembea kinyumenyume, magari yakapita, lami ikawahi. Foremani alisema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, mama yangu anasoma. Redio sasa zina betri za akiba, muujiza ulioshindikana tangu mradi uanze.

Leo asubuhi pikapu ileile ikasimama mbele ya kibao changu. Nikaamkia macho chini. Mzee akaitikia, akachungulia mikono yangu yote miwili, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka gari la nne:

"Leo hamgawi kitu?"