Bwana yuko Ohio, bibi yuko Wete, fomu iko Austin

Ndoa ya kwetu ina walii, mashahidi wawili, mahari na sufuria la biriani. Ndoa ya fomu ya kodi ya Marekani ina visanduku vitano, na ole wake atakayetia tiki pasipo pake.

Bwana kaoa Wete, karudi zake Columbus kwenye kazi yake ya ghala. Januari mwajiri anampa W-2, ile karatasi inayoonesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokwisha katwa. Anakaa kitandani na simu, programu inamuuliza: umeoa? Anajisemea moyoni, mke mwenyewe yuko Pemba, hana nambari ya huku, baridi anaijua ya friji tu, wa nini kumtia kwenye mambo ya watu? Tiki: "hajaoa".

Bwana wee! Mahari umetoa, ngoma imepigwa, mama mkwe anakuita mwanangu, halafu mbele ya serikali ya Marekani wewe kapera! Kinachotazamwa ni hali yako tarehe 31 Disemba. Ukioa tarehe 30, kwa hesabu yao umeoa mwaka mzima. Mke alale chumba cha pili au bara la pili, umeoa.

Na uongo huo haukai kwenye kodi peke yake. Siku mke anaombewa viza ya kumfuata mumewe, mdhamini hutakiwa kutoa ritani yake ya karibuni, yaani ile fomu ya mapato na kodi anayoipeleka serikalini kila mwaka. Afisa ana cheti cha ndoa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ana karatasi inayosema bwana hana mke. Anayekaa pale dirishani kutolewa macho ni bibi, aliyeitia tiki yuko Columbus anakula piza. Dawa yake ni Fomu 1040-X ya marekebisho, ndani ya miaka mitatu toka siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya mwaka ule. Ifanywe kabla ya viza kuulizwa, si baada.

Wale wa wake wawili, nyinyi kaeni pembeni kidogo. Fomu ina mstari mmoja wa jina la mke. Hakuna palipoandikwa "endelea nyuma ya karatasi". Ndoa ya pili juu ya ndoa ya kwanza kule haitambuliwi, na mstari ule hauendi kwa zamu.

Haya, tufanye bwana amekubali kuwa ameoa. Zinabaki njia mbili, na ya tatu kwa wachache. Njia ya kwanza: walioana lakini kila mtu na ritani yake. Hii nyepesi. Jina la mke linaandikwa, na pale pa nambari yake panaandikwa herufi tatu, NRA, yaani mgeni asiye mkaazi. Mke hasaini kitu, haulizwi kitu, anaendelea na maandazi yake. Njia ya pili: ritani moja ya pamoja. Hiyo ndiyo yenye pesa, na ndiyo yenye pirika. Ya tatu ni ya mkuu wa kaya, kwa bwana aliyeoa mke asiye mkaazi lakini anaishi kule na mtoto anayemlea zaidi ya nusu mwaka, na zaidi ya nusu ya gharama za nyumba anatoa yeye. Jamaa mnaochangia pango la chumba, hamumo.

Pesa yenyewe ni hii. Chukua mshahara wa dola 48,000 kwa mwaka 2025, mke hana kipato. Anayejaza peke yake anasamehewa dola 15,750 za mwanzo, kodi inamfika karibu dola 3,630. Wanaojaza pamoja wanasamehewa 31,500, kodi ni karibu 1,650. Tofauti inakaribia dola 1,980. Kwa hiyo mke aliyeko Wete, bila kutoka jikoni, ameokoa karibu dola elfu mbili. Halafu akiomba mia ya saruji anaambiwa "mwezi huu mambo magumu".

Sasa masharti. Ili mke asiye mkaazi aingie kwenye ritani ya pamoja, wote wawili wanachagua atazamwe kama mkaazi wa Marekani kwa mwaka mzima wa kodi. Hapo mapato yake ya dunia nzima yanaingia kwenye fomu: duka la khanga, nyumba ya kupangisha Chake Chake, karafuu. Unayageuza shilingi kuwa dola kwa wastani wa mwaka, si kwa bei ya siku ile iliyokupendeza. Watu wanaogopa hapa, na mara nyingi wanaogopa bure. Kipato cha jasho lake mwenyewe, kama lile duka, kinaweza kuondolewa kwa Fomu 2555 akiwa amekaa nje ya Marekani siku 330 kamili ndani ya miezi 12, na kikomo cha mwaka 2025 ni dola 130,000. Duka la khanga la Wete likishapata faida ya dola 130,000 nambieni, tukajenge daraja la kwenda Unguja. Kipato cha nyumba ya kupangisha ndicho hakimo humo, si jasho. Hicho kinahesabiwa, na kama kimekwisha lipiwa kodi TRA huku, kinadaiwa nafuu kwa Fomu 1116. Mkataba wa kodi ya mapato baina ya Tanzania na Marekani haupo, basi asije mtu akakuuzia "kifungu cha mkataba" kwa dola hamsini.

Chaguo hilo likishawekwa linaendelea mwaka hadi mwaka mpaka likatwe. Linakatwa kwa barua, kwa kifo, kwa kutengana kisheria, au kwa kukosa kuweka hesabu. Na likikatika, hakuna kati yenu atakayeruhusiwa kulichagua tena maisha yake yote. Talaka tatu angalau mwanamke huolewa na mwengine, akaachika, akarejea kwa wa kwanza. Hii hata mlango huo hauna.

Watoto nao. Mtoto wa kambo aliyeko Mkoani, bwana anamlipia skuli, sare, daftari, mpaka pesa ya embe. Kumtia kwenye ritani kama tegemezi, lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Pemba haimo. Kanada imo, yenye theluji hadi dirishani. Kisiwa cha marashi ya karafuu hakimo.

Lakini hayo yote ni maneno. Kazi ni karatasi.

Mke hana nambari ya hifadhi ya jamii ya kule, kwa hiyo anaombewa nambari ya mlipakodi iitwayo ITIN, kwa Fomu W-7. Haiombwi peke yake. Inakwenda na ritani yenyewe ya 1040, pale pa nambari ya mke pakiachwa patupu, W-7 ikikaa juu ya rundo. Ritani hiyo ya kwanza ni ya karatasi. Haipigwi kwa mtandao, na haipelekwi kule zinakokwenda ritani za majirani. Inakwenda kitengo cha ITIN, Austin, Texas. Ndani yake iwemo W-2 ya bwana, na tamko la maneno machache: kwamba siku ya mwisho ya mwaka mmoja alikuwa raia au mkaazi, mwengine si mkaazi, na wote wanachagua kutazamwa wakaazi mwaka mzima, majina, anwani na nambari. Hesabu ya saini: bibi anatia tatu, kwenye W-7, kwenye 1040 na kwenye tamko. Bwana mbili. Rundo likifika Austin lina saini nne, mwezi na nusu umekwenda maji.

Kwenye W-7 sababu ya mke ni herufi e, na mbele yake jina na nambari ya mume. Wapo wanaotia tiki kila herufi, kama wanachagua mchezo wa bahati nasibu. Tiki moja inatosha.

Jina sasa. Mwanamke wa Kizanzibari ana jina lake, la baba, la babu, na hakuna nikaha iliyombadilisha. Programu ya bwana inamtaka mke awe na jina la mwisho la mume, na bwana kwa kutaka kumaliza anampa la kwake. Fomu hairuhusu zawadi. Jina la W-7, la 1040 na la paspoti yawe sawasawa mpaka herufi. Fatma wa paspoti akiwa Fatuma wa ritani, hao ni wake wawili, na tumekwisha sema kuhusu wake wawili. Babu anakaa pale pa jina la ukoo, tumsalimie.

Tarehe. Wamarekani wanatanguliza mwezi. Aliyezaliwa tarehe 4 Julai anaandika 07/04. Ukiandika kwa mazoea ya huku, bibi kazaliwa Aprili, na paspoti inakushitaki. Aliyezaliwa tarehe 13 na kuendelea ana bahati, kosa lake linaonekana mapema kwa kuwa mwezi wa 13 hata Marekani hawana.

Halafu anwani. Mstari wa anwani ya nje unataka nyumba na mtaa. Sanduku la posta hapo halikubaliki. Na sisi umri wote tunaishi ndani ya sanduku la posta! Andika nambari ya nyumba na jina la mtaa vya mfumo wa anwani za makazi, ile bati iliyopigiliwa ukutani ambayo watoto wameigeuza shabaha ya mawe, halafu shehia, mji, postikodi inayoanza na 7, nchi. "Nyuma ya msikiti, uliza yeyote" ni sahihi kabisa lakini Austin hakuna wa kuuliza.

Paspoti ndiyo inayowaliza watu. Hiyo ni hati pekee inayosimama peke yake. Bila yake unatafuta mbili, moja ya kuthibitisha utambulisho na moja ya uraia, na moja iwe na picha. Inatakiwa yenyewe, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa, yaani Uhamiaji. Nakala ya kupigwa muhuri na wakili haikubaliki. Sisi bila muhuri wa wakili hata mbuzi hauziki, basi watu wanakwenda kwa wakili, wanalipa, muhuri mwekundu unang'ara, na rundo zima linarudishwa. Ukipeleka paspoti yenyewe, hesabu kwamba inaweza kukaa siku 60 kabla haijarudi. Mwenye nia ya Umra au harusi ya Maskati mwezi ule asithubutu. Wapo pia mawakala walioidhinishwa na IRS, idara ya kodi ya Marekani, wanaoikagua paspoti yenyewe na kuirudisha papo hapo. Wanatoza, lakini mtu analala usingizi.

Steshenari ya fotokopi nayo ina mkono wake. Karatasi ya Marekani ni fupi na pana kuliko A4 yetu. Kijana akipiga chapa bila kuichagulia mashine ijipunguze, kingo zinakatwa, na kinachokatwa daima ni pale pa saini au nambari. Mwambie kabla, mtazame, na usilipe mpaka uone mistari yote. Wino wa saini uwe wa kalamu. Picha ya saini iliyotumwa kwa WhatsApp ikabandikwa kwenye ritani ya karatasi ni balaa.

Mwisho wa kupeleka ni Aprili 15. Karatasi hazijakamilika? Fomu 4868 inasogeza mpaka Oktoba 15. Inasogeza karatasi tu. Deni kama lipo linaanza kula riba papo hapo, wala halisubiri boti ya Pemba. ITIN yenyewe hutoka kama wiki 7. Ikipelekwa baina ya Januari 15 na Aprili 30, au kutoka nje, wiki 9 hadi 11. Ukitaka kuuliza, simu zao zinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, ambayo wakati wa kiangazi chao ni saa saba mchana ya huku, na unasikilizishwa muziki mpaka salio liishe. Muziki wenyewe si taarabu.

Huku kwetu, TRA ndiyo ya kodi ya mapato hata Zanzibar, ZRA ina yake ya VAT na mengineyo. Duka la bibi ni TIN ya bibi. Mshahara wa bwana wa Ohio si faida ya duka, na pesa anazotuma za matumizi si mauzo. Lakini zikipita kwenye akaunti moja na mauzo, siku ya ukaguzi utazitenganisha wewe kwa mkono, risiti moja moja. Fungua akaunti mbili. Na bwana kule asiziombee nafuu kwenye fomu, kulisha mke hakuna mstari. Tena kuanzia 2026 anayetuma kwa noti mkononi anakatwa asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya kule hakatwi. Mwambieni aache kwenda na bahasha.

Basi ITIN imefika, tarakimu tisa zinazoanza na 9, bibi kaiweka kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Mwaka wa pili ritani inaweza kupigwa kwa mtandao. Lakini bwana akinuna, akajaza peke yake miaka mitatu ya kodi mfululizo bila nambari ile kuonekana popote, tarehe 31 Disemba ya mwaka wa tatu nambari inakufa. Mume wa Kizanzibari anaweza kukaa kimya Marekani miaka saba na bado akaitwa mume. Nambari miaka mitatu tu, halafu W-7 upya, paspoti upya, na yule kijana wa fotokopi upya.